Wamarekani waliwafukuza Makoti Mekundu, halafu 1837 mgambo wa Boston wakajishonea koti jekundu wenyewe. Hii imekaaje wakuu?

Mshale_wa_Kilwa
Wakuu salamu. Kuna kitu kinanikera tangu jana usiku naomba mnisaidie. Nilikuwa napekua michoro ya zamani ya Marekani nikakutana na mmoja wa Charles Hubbard wa 1837, unawaonyesha askari wa farasi wa mgambo wa Boston wanaitwa National Lancers, wamepangwa pale Boston Common mbele ya maofisa wa ukaguzi. Sasa angalia nguo zao. Koti jekundu, kofia ya Kipolandi ile ya juu bapa pembe nne, manyoya, na kila mtu mkuki mrefu una kibendera.

Boston hii hii! Mji ambao Machi 1770 askari wa Kiingereza wa koti jekundu walifyatua risasi kwenye kundi la raia wakafa watu watano, 1775 wakapigana nao pale Bunker Hill yani unaangalia ng'ambo ya maji tu. Miaka 60 na ushee baadae wajukuu wa watu wale wanajishonea koti la rangi ile ile kwa hela ya mfukoni mwao na hakuna anayewazomea. Nani alichagua hii rangi na kwanini? Na mkuki wa nini wakati bastola zilikuwepo?

Mchina_wa_Buza
Mgambo wenye manyoya kichwani 😂😂 hawa wa kwetu wakija hivyo Kariakoo machinga hawakimbii, wanatoa simu wanarekodi.

Kapteni Nanga
Mkuu Mshale jibu ni rahisi kuliko unavyodhani, ni fasheni ya London tu. Waingereza walikuwa hawana lansa, yani wapanda farasi wa mikuki, kabisa mpaka vita vya Napoleon vilipoisha, walipigwa mikuki na wapanda farasi wa Kipolandi waliokuwa upande wa Ufaransa wakaona ee kumbe hii kitu ipo, 1816 wakabadilisha regimenti kadhaa za farasi mwepesi kuwa za mikuki, ya 9, ya 12, ya 16 na ya 23, wakachukua na kofia ya Kipolandi kama ilivyo. Mwanzoni walivaa buluu. Halafu 1830 akaingia mfalme William wa Nne, huyu alitaka jeshi lake la nchi kavu karibu lote livae nyekundu, basi na wale wa mikuki wakavalishwa nyekundu. Hali ikawa hivyo mpaka 1840 ndio wakarudishiwa buluu isipokuwa regimenti ya 16 waliobaki na nyekundu yao mpaka wakapewa jina la Scarlet Lancers, lansa wekundu.

Sasa piga hesabu. Boston wameanzisha kikosi chao 1836, gwaride la kwanza 1837. Fundi wa Boston akitafuta picha ya mpanda farasi wa mkuki mwaka ule, picha ya kisasa inayotoka Uingereza ni ya mtu wa koti jekundu. Wangeanzisha 1825 au 1845 huenda tungekuwa tunaongelea koti la buluu hapa.

Nyundo Baridi
Kapteni nakuheshimu ila hapo umewasahau Wapoland wenyewe, umewataja kama watu wa pembeni wakati ndio wenye mali. 1830 mwishoni Wapoland waliinuka dhidi ya Urusi, 1831 wakapondwa, na dunia nzima ya watu wapenda uhuru ikawalilia. Boston ilikuwa mstari wa mbele. Yule daktari Samuel Gridley Howe, mtu wa Boston, aliyekuja kuwa maarufu kwa shule ya vipofu, alikuwa Paris akisaidia kamati ya Wamarekani ya kuchangia Wapoland, akabeba pesa mwenyewe kuwapelekea wakimbizi kule Prussia, wakamkamata Berlin wakamtupa selo. 1834 wakashuka New York Wapoland zaidi ya mia mbili waliofukuzwa na Austria. Halafu miaka miwili baadae Boston wanaanzisha kikosi chenye kofia ya Kipolandi na mkuki wa Kipolandi, na wewe unaniambia ni London?

Tena Wamarekani walikuwa na deni la zamani. Kazimierz Pulaski alikuja kupigana upande wao, 1778 akaanzisha kikosi chake kule Baltimore na ndani yake alikuwa na watu wa mikuki, akafa 1779 kwenye shambulio la Savannah. Huyu ndiye mpaka leo wanamwita baba wa jeshi lao la farasi. Na kuna lile kundi la Napoleon la lansa wekundu, Wapoland wale, si walivaa nyekundu juu mpaka chini?

Sniper_wa_Maktaba
Nyundo hapo mwisho umeteleza. Lansa wekundu wa walinzi wa Napoleon walikuwa Waholanzi. Wapoland wa ulinzi wake walivaa buluu iliyoiva na kifua chekundu kile cha kuelekea zambarau. Kwahiyo kofia na mkuki ni Poland sawa, huruma ya 1831 sawa, lakini koti zima jekundu halitoki Poland.

Nyundo Baridi
Sawa Waholanzi. Kofia bado ni yangu 😏

mwalimu_mstaafu
Vijana wangu mnabishana kuhusu nani kaigwa, hamjauliza nani alikuwa na haki ya kuchagua. Someni sheria ya mgambo ya 1792. Ilisema kila mwanaume mweupe huru mwenye afya kuanzia miaka 18 mpaka 45 aandikishwe na ajitafutie silaha mwenyewe. Kwa wa farasi masharti yalikuwa mazito, uje na farasi wako asiyepungua urefu uliotajwa, tandiko zuri, hatamu, mabuti na spuri, bastola mbili, upanga na mfuko wa risasi. Vikosi vya farasi na mizinga vilikuwa vya kujitolea, na ndio vilivyotakiwa kuvaa sare kwa gharama zao wenyewe, rangi na mshono aamue brigedia wa eneo. Rais hana habari, wizara ya vita haina habari. Ndio maana ukienda Philadelphia unakuta rangi hii, Charleston ile, New York Wajerumani wamevaa kihusari, ule mtindo wa wapanda farasi wepesi wa Ulaya, na kikosi kimoja hapo hapo Boston cha Cadets kinavaa koti jeupe.

Na nyekundu wala haikuwa haramu kama Mshale anavyoidhania. Pale Hartford, Connecticut, kuna walinzi wa gavana wa miguu walioanza 1771, kabla ya vita ya uhuru, koti lao jekundu na kofia ya manyoya ya dubu, vita ikapita, Mwingereza akaondoka, wao wakabaki na koti lao na wapo mpaka leo. Mtu aliyeichukia nyekundu ni sisi tunaosoma historia kwa kifupi.

Mshale_wa_Kilwa
Shikamoo mwalimu. Kwahiyo unataka kusema hakukuwa na sababu ni brigedia tu kapenda?

mwalimu_mstaafu
Marahaba. Nimesema hakukuwa na wa kuwazuia. Sababu endeleeni kuitafuta.

Mama Shadya Fundi
Jamani nimepita tu huku kumbe kuna maneno ya cherehani 🤣 mimi nashona sare za bendi na harusi hapa Tanga, huo mchoro nimeukuza kwenye simu mpaka macho yameuma, ngoja niwaambie nilichoona maana nyie mnaongelea wafalme tu.

Hilo koti la lansa sio koti la kawaida. Kifua chake kina vipande viwili vikubwa vilivyokatwa vipana juu mabegani vinapungua kuja kiunoni, na vifungo mistari miwili. Kile kipande upande mmoja ni rangi ya koti, upande wa pili ni rangi nyingine. Siku ya gwaride unavikunja nje vyote viwili unafunga, kifua kizima kinatokea rangi ya pili. Siku ya safari au mvua unakipitisha kimoja juu ya kingine unafunga, koti linakuwa rangi moja na ile nzuri imejificha ndani haipati vumbi. Aliyebuni hii alikuwa anajua bei ya kitambaa. Mimi niliwahi kushonea bendi ya shule moja, kifua cheupe kwenye koti jekundu, nikakishonea moja kwa moja, mwalimu wao akakifua chote beseni moja maji ya moto, kikatoka cha pinki na lawama zikanijia mimi.

Sasa mavazi yenyewe, kiunoni kuna mkanda wa kitambaa wa mistari, mabegani mapambo ya shaba au nyuzi, suruali ina mistari pembeni, na ile kamba inayotoka kwenye kofia ikazunguka shingo ikashuka kifuani sio urembo peke yake, kofia ikidondoka farasi akiwa mbio inaning'inia haipotei. Kofia yenyewe mbele ina bati la shaba lenye miale ya jua. Hiyo kazi yote ni mkono kaka zangu, cherehani ya nyumbani bado 1837. Mtu aliyelipa hivyo hakulipa akapigane, alilipa aonekane.

Mchina_wa_Buza
Mama Shadya umemaliza. Naomba oda ya koti moja nikachumbie.

Mama Shadya Fundi
Lete nusu ya hela kwanza mwanangu.

lowell_mshamba
Niaje watu wangu. Mimi nko Lowell, Massachusetts, huku tumejaa Wakenya mpaka maduka ya unga, na hao National Lancers bado wako! Si mchezo. Mwezi wa nne kuna sikukuu inaitwa Patriots' Day, watu wao ndio hupanda farasi kuigiza ile safari ya usiku ya Paul Revere na mwenzake Dawes ya 1775, ya kuonya watu ati Waingereza wanakuja. Sasa ona hiyo, watu wa kikosi cha koti jekundu ndio wanaenda mlango kwa mlango kutangaza makoti mekundu yanakuja 😂 Siku hiyo ya kuigiza wanavaa nguo za raia za zamani, lakini kwa gwaride zingine wanatoka na ile nyekundu kamili na mkuki. Nimewaona kwa macho, farasi wamechanwa wamewekwa mafuta wakang'aa, na kibendera kikipigwa na upepo kinafanya kelele kavu pa pa pa, farasi wa polisi aliyekuwa karibu alianza kurudi nyuma.

Nimeuliza mzee mmoja pale kando ya barabara mbona nyekundu, akaniambia ati ni kwa sababu walianzishwa kuwa wasindikizaji wa gavana, na mtu anayemsindikiza mkubwa lazima aonekane kutoka mbali. Hakusema mambo ya Poland wala London.

Kapteni Nanga
Huyo mzee ana pointi. Gavana Edward Everett ndiye aliyetaka kikosi hicho kianzishwe, kazi yake ilikuwa hiyo, kumsindikiza ikiwemo siku ya mahafali ya Harvard. Everett kasoma Ujerumani, kazunguka Ulaya, kaona wakubwa wa kule wanavyosindikizwa. Msafara wa gavana bila farasi ulikuwa unamtia aibu. Kwahiyo mnaona bado tunarudi kwenye Ulaya.

Nyundo Baridi
Ulaya ndio, London hapana.

Bin Mlandege
Assalaam aleikum nyote. Mnanifurahisha. Huo mwaka 1837 na mkoa huo huo wa Massachusetts vina habari na sisi watu wa Unguja. Mwaka huo ndio aliwasili kwetu konsuli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, kando tu ya Boston, baada ya mkataba wa 1833 wa Sayyid Said. Walikuja kufuata pembe, gundi ya sandarusi na karafuu, wakatuletea vitambaa vya pamba vya viwanda vya kwao, ndio merikani hiyo tuliyovaa mpaka bara yote ikavaa, na watu wakaifanya kama pesa. Kwahiyo wakati Boston wanajivika sufu nyekundu na nyuzi za dhahabu, ile pamba ya rangi ya vumbi isiyopaushwa ya majirani zao ndio ilikuwa inashushwa Forodhani.

Na kuhusu mtu kulipa mwenyewe apate sare, kwa nini mnaona ajabu? Babu zetu walikuwa na beni, ngoma za mashindano. Mombasa, Lamu, Dar es Salaam, Tanga kwa Mama Shadya hapo, Marini na Arinoti, Kingi na Skochi, watu wana vyeo vya jenerali na kapteni, wanashona sare kama za jeshi la mzungu, Skochi wanavaa mpaka sketi, wanajichangisha mpaka wengine wanafilisika ili siku ya ngoma wawafunike wapinzani. Hakuna aliyesema wanawapenda wakoloni. Walikuwa wanashindana wao kwa wao. Basi Boston na wao nionavyo ni hivyo hivyo, kikosi kimoja kinakitambia kingine.

Mshale_wa_Kilwa
Shehe hii ya beni imenigusa, bibi yangu alikuwa anaimba nyimbo za Marini. Ila beni hawakupewa mikuki ya kweli na serikali.

Bin Mlandege
Na wangepewa ungeona 😄

Sniper_wa_Maktaba
Bin Mlandege kagusa kitu. Miaka ile ya 1830 mgambo wa lazima ulikuwa umeoza kabisa. Siku ya mazoezi watu wanakuja na mabua ya mahindi na mifagio badala ya bunduki, wanalewa, magazeti yanawachora vikatuni. Massachusetts 1840 wakaachana nao wakabaki na wa kujitolea. Ndio hapo vikosi vyenye sare vikapanda chati, na Philadelphia kuanzia 1839 kukawa na gazeti la Huddy na Duval ambalo kazi yake ilikuwa kuchapa picha za sare za vikosi vya mgambo, zimepakwa rangi kwa mkono moja moja. Picha ya mwenzako ikitoka wewe unaagiza manyoya marefu zaidi.

Swali la pili la Mshale la mkuki wa nini halijajibiwa kabisa, mmekwama kwenye kitambaa. Ukweli ni kwamba jeshi rasmi la Marekani halikuwahi kuwa na regimenti ya kudumu ya lansa. Lakini mkuki waliuonja. Desemba 6, 1846, kwenye vita ya Marekani na Mexico, San Pasqual, California, wapanda farasi wa mikuki wa Andrés Pico, watu wa ranchi waliovaa nguo zao za ranchi, walimkuta Jenerali Kearny wa Marekani na askari wake wakiwa wamechoka, wengine juu ya nyumbu, baruti imeloa, wakawachoma karibu ishirini wakafa na Kearny mwenyewe akajeruhiwa. Wale hawakuwa na kofia ya pembe nne wala kifua cha kukunja.

Halafu vita vya wenyewe kwa wenyewe. 1861 Philadelphia, Kanali Richard Rush anaunda regimenti ya 6 ya farasi ya Pennsylvania, Jenerali McClellan anapendekeza wapewe mikuki. Wakapewa, mti wa msonobari wa Norway, urefu futi 9, ncha ya makali matatu inchi 11, kitambaa chekundu cha mkia wa mbayuwayu, uzito kama kilo mbili na kidogo. Wanadada wa Philadelphia wakawashangilia. Kufika Virginia ni msitu na uzio kila mahali, mkuki unanasa kwenye matawi, askari wenzao wakawabatiza wachunga bata mzinga. Mei 1863 mikuki ikarudishwa stoo wakapewa bunduki fupi, mwezi uliofuata pale Brandy Station wakashambulia kwa panga na ndio shambulio lao linalokumbukwa zaidi.

Na sare yao? Buluu ya kawaida ya serikali, jaketi fupi lenye utepe wa njano. Yani waliovaa ulansa wote hawakuchoma mtu, na waliobeba mkuki vitani hawakuvaa ulansa.

Mchina_wa_Buza
Wachunga bata mzinga nimeokota, kuanzia leo ndio jina la wale jamaa wa mtaani kwetu wanaotembea na antena za dishi.

Mjomba Kisarawe
Sniper umesahau Texas. Februari 21, 1862, Valverde, New Mexico. Regimenti ya 5 ya Texas, waasi wa Kusini, ilikuwa na kampuni mbili za mikuki, moja ya Kapteni Willis Lang na nyingine ya McCown. Lang akawaongoza watu wake wakaishambulia kampuni ya Dodd ya watu wa Colorado, wa upande wa serikali. Na hapa sare inaingia, inasemekana Dodd na watu wake walivaa kijivu, Wateksas wakadhani ni mgambo wa New Mexico ambao waliwadharau kwamba watakimbia. Hawakukimbia. Walisubiri wafike karibu wakafyatua kwa pamoja, farasi wakaanguka marundo, waliobaki wakapokelewa na visu vya bunduki. Lang alijeruhiwa vibaya, siku chache baadae akajimaliza mwenyewe kwa bastola. Waliobaki wakaichoma moto mikuki yote wakatafuta bunduki.

Hao nao sare hawakuwa nayo ya maana, kila mtu na nguo aliyotoka nayo nyumbani. Kwahiyo kaulimbiu ya Sniper inasimama hata huko.

Kapteni Nanga
Na huko kuchanganya rangi kuliua watu wengi mwaka wa kwanza wa vita. Bull Run, Julai 1861, regimenti ya 2 ya Wisconsin walikuwa wa serikali ila wamevaa kijivu kama waasi wa Kusini, wenzao wa nyuma wakawafyatulia. Uhuru wa brigedia kuchagua rangi aliousifia mwalimu ulikuja kulipiwa pale.

mwalimu_mstaafu
Sikuusifia, niliueleza. Soma tena.

Dada Nuru
Samahani naingia kwa upande mwingine. Mwalimu ametaja sheria ya 1792 akapita haraka kwenye neno mweupe. Hapo ndio penyewe. Boston kulikuwa na watu weusi huru, wenye pesa kidogo, mafundi, mawakili. Miaka ya 1850 wakili Robert Morris na wenzake waliomba bungeni waruhusiwe kuwa na kikosi chao cha mgambo, wakakataliwa. Wakaanzisha wenyewe wakajiita Massasoit Guards, serikali ikawanyima silaha na kutambuliwa. Na 1854 Anthony Burns aliyetoroka utumwa Virginia akakamatwa Boston, mgambo wa Massachusetts ndio walioitwa kupanga mstari barabarani ili apitishwe kurudishwa melini, maelfu ya watu wanazomea. 1855 akaja gavana Gardner wa chama cha wachukia wageni akavunja vikosi vya mgambo vya Waairishi.

Kwahiyo sare haikuwa swala la urembo tu kama anavyosema Mama Shadya wala ushindani kama anavyosema shehe. Kuivaa ilikuwa kusema mimi ndio raia hapa, na ndio maana wengine walizuiwa kuivaa hata kwa hela zao.

Mama Shadya Fundi
Sawa mwanangu ila hata uraia unashonwa 😊

Nyundo Baridi
Dada Nuru kwa hapo kwa Waairishi, National Lancers wenyewe kazi yao ya mwanzo ilikuwa kwenye ghasia za Waairishi. Juni 11, 1837, Jumapili, zimamoto wanarudi kutoka kuzima moto wakakutana na msafara wa maziko wa Waairishi mtaa wa Broad, nani kampisha nani, ikawa vita ya mawe na fimbo, nyumba za Waairishi zikavunjwa magodoro yakachanwa manyoya yakajaa barabarani. Meya Eliot akaita mgambo na lansa wakiwemo, kikosi hakijamaliza hata mwaka wake wa kwanza. Farasi na mkuki kwenye mtaa mwembamba vinafukuza watu vizuri kuliko bunduki na huui mtu. Mshale ulikuwa unauliza mkuki wa nini, jibu mojawapo hilo.

Mshale_wa_Kilwa
Duh. Yani mgambo wa kufukuza raia kumbe Mchina hakukosea sana.

Mchina_wa_Buza
Mimi huwa sikosei, huwa nawahi.

lowell_mshamba
Na hicho kibendera ni cha nini haswa? Hapa kila mtu anasema yake. Mmoja aliniambia ni cha kutisha farasi wa adui, na kwa vile nilivyoona yule farasi wa polisi naamini. Mwingine ati ni cha kuzuia damu isitiririke kwa mti mkono ukateleza.

Kapteni Nanga
Cha kutambulishana. Ukiwa na vikosi vingi uwanjani unaangalia rangi ya vibendera unajua wako ni yupi. Hiyo ya damu ni hadithi ya kambini, kitambaa kiko karibu sana na ncha, kikiloa ndio kitachuruzika zaidi.

Sniper_wa_Maktaba
Ya farasi ina ukweli lakini na farasi wako mwenyewe lazima umzoeshe kwanza au atakutupa. Wapanda farasi wengine vitani walikuwa wanavivua kabisa au kuvifunga kwa sababu adui anakuona toka mbali.

Mjomba Kisarawe
Rush's Lancers vyao vyekundu tupu. Naona havihusiani na Poland ya Nyundo, wale ni nyeupe na nyekundu.

Nyundo Baridi
Mnanisakama leo. Nimesema kofia. KOFIA.

Bin Mlandege
Tuseme basi kofia ya Poland, koti la William, sheria ya Marekani, fundi wa Boston. Pilau limeshaiva.

Kapteni Nanga
Shehe usitupatanishe kwa nguvu bado sijashindwa. Mwenye picha ya rangi ya lansa wa Kiingereza ya kati ya 1831 na 1840 aiweke hapa pembeni ya ile ya Hubbard watu wapime mshono, hasa kola na mkia wa koti.

Mama Shadya Fundi
Leteni tu, mkia wa koti ndio utasema. Koti la Kipolandi mkia mfupi sana, unaishia juu ya tandiko, la Kiingereza siku hizo sijui walikata vipi, nikiona pindo nitawaambia. Na mwenye picha ya mgongo aweke, mbele kila mtu anachora, nyuma hakuna.

Mchina_wa_Buza
Mama na mifuko je? Mtu kavaa yote hayo hela ya nauli anaweka wapi?

Mama Shadya Fundi
Mifuko sijaiona hata mmoja. Ndani ya kofia labda.